Kuitafuta Mombasa kwa Majina Yasiyo Yake

Mara ya kwanza kuitafuta Mombasa kwenye intaneti nililetewa hoteli.

Ilikuwa 2006, saiba moja ya ghorofani karibu na Digo Road, shilingi moja kwa dakika. Mwalimu wa historia alikuwa ametutuma tuandike habari za mji wetu kabla ya kuja Wareno. Nikaandika "Mombasa history", kwa Kiingereza, manake wakati huo nilidhani mashine haisikii lugha nyingine. Ukurasa ukafunguka mstari kwa mstari. Hoteli ya Nyali. Hoteli ya Diani. Safari ya Tsavo siku tatu, bei kwa dola. Chini kabisa kulikuwa na aya moja kuhusu Fort Jesus, na aya hiyo hiyo, neno kwa neno, ilikuwa kwenye saiti nne tofauti. Nikalipa shilingi thelathini, nikarudi Kibokoni.

Bibi alikuwa barazani anachagua mchele. Akaniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia nilikwenda kutafuta historia ya Mombasa.

"Na wee ukaaye Mombasa," akasema, "ukenda kuitafuta wapi?"

Sikuwa na jibu, na sikuwaza kumuuliza yeye. Insha nikaiandika kutoka kile kiaya cha saiti nne. Nilipata kumi na mbili juu ya ishirini, alama ambazo leo naona zilikuwa za huruma.

Watu wa rika langu hupenda kusema intaneti ilikuja Mombasa 2009. Ilikuwepo kabla, ila ilikuwa ikipita angani: kila ukurasa ulipanda hadi satelaiti kisha ukashuka, na safari hiyo tulikuwa tukiilipia sisi kwa dakika. Kilichokuja 2009 ni waya. Juni mwaka huo waya wa TEAMS, uliotandazwa chini ya bahari takriban kilomita 5,000 kutoka Fujairah, Falme za Kiarabu, ulifika Mombasa. Julai ukawashwa wa SEACOM. Mwaka uliofuata ukaja EASSy. Ukiwa Kampala ukifungua video, kuna uwezekano mkubwa imepita kwetu kwanza.

Na hii si mara ya kwanza kwa pwani hii kufungwa waya. Kampuni ya telegrafu ya Eastern and South African ilitandaza wake kutoka Aden hadi Unguja 1879, na 1890 kikaongezwa kipande cha Unguja mpaka Mombasa. Ule ulikuwa wa London kuongea na watu wake walioko huku. Maagizo yalishuka, ripoti zikapanda. Vitu visivyopita kwenye waya vikaenda kwa meli: ramani, picha, kamusi, makaratasi ya mkono. Nitarudi kwenye hayo makaratasi.

Basi waya wa 2009 ukashusha bei. Nikapata simu, nikapata bando, nikajaribu tena. Hoteli. Safari hii na picha za madimbwi ya kuogelea. Hapo ndipo nilianza kushuku kwamba tatizo langu halikuwa kasi.

Kilichonifungulia mlango ni jina. Rafiki yangu mmoja alikuwa akitembeza wageni Mji wa Kale, akataka habari za Leven House, ile nyumba ya karibu na bandari ya zamani. Kila saiti ilisema jambo lilelile, kwamba jina limetokana na HMS Leven, meli ya Kapteni Owen. Nikaiacha nyumba, nikamtafuta Owen. Kitabu chake cha safari kilichapwa London 1833 na chote kiko Internet Archive, bure, bila hata kujisajili. Nikakifungua, nikaandika "Mombasa" kwenye kile kisanduku cha kutafuta ndani ya kitabu. Hola. Nikarudia. Hola. Mtu aliyetangaza ulinzi wa Uingereza juu ya mji huu Februari 1824, ati hakuutaja?

Aliutaja, na sana. Ila aliuandika Mombas.

Niliona aibu kidogo, halafu nikafurahi kama mtu aliyepata ufunguo mfukoni mwake mwenyewe. Nikaanza orodha nyuma ya daftari. Ibn Battuta, aliyepita hapa 1331, mji wake husomeka Manbasa. Wareno waliandika Mombaça. Braun na Hogenberg, waliochapa picha za miji kule Cologne mwaka 1572, waliweka Mombaza, kwenye karatasi moja na Aden, Kilwa na Sofala. Picha hiyo iko Wikimedia Commons na unaweza kuikuza mpaka uhesabu mapaa. Krapf, kwenye kitabu chake cha Kiingereza cha 1860, ameandika Mombaz. Wengine Mombassa, kwa s mbili. Na sisi wenyewe, tukiwa hatutaki kuulizwa na mtu, Mvita. Kwetu huu ni mji mmoja, lakini mashine hutafuta herufi ulizoipa, na ukiiacha ikukisie, itakukisia hoteli.

Siku nilipoandika "Mombas" ndani ya alama za nukuu, ili asije mtu kunisahihishia, matangazo yalikauka. Kati ya vitu vya mwanzo nilivyopata ilikuwa makala ya Luteni Emery, ya 1833, kwenye jarida la Royal Geographical Society. Emery ndiye ofisa aliyekuwa akiusimamia ule ulinzi wa Owen hapa kisiwani mpaka 1826, London ilipoukataa na wakafunga virago. Mtangulizi wake, Reitz, hakumaliza hata miezi michache; alifariki mwaka ule ule wa 1824, na jina lake bado tunalitaja kila tukisema Port Reitz. Makala ya Emery iko JSTOR. Wengi huikimbia JSTOR kwa sababu mlango wake aghalabu hudai pesa au kitambulisho cha chuo. Lakini 2011 walifungua bure majarida ya kale: yaliyochapwa Marekani kabla ya 1923, na ya kwingineko kabla ya 1870. Kwa mtu anayetafuta Pwani ya karne ya 19, hapo pana mali.

Mengine nilijifunza kwa kuanguka. Kutoa neno kwa alama ya kutoa: Mombasa, kisha -hotel, -resort, -beach, na ghafla mji unabaki na watu wake. Kuiambia Google itafute ndani ya saiti moja tu kwa kuandika site: mbele ya anwani. Kusoma makala ya Wikipedia kutoka chini kwenda juu, yaani kuanza na vitabu walivyovitaja, halafu kwenda kuvitafuta vitabu vyenyewe. Kuiweka anwani iliyokufa kwenye Wayback Machine, ambayo tangu 2001 imekuwa ikionyesha kurasa jinsi zilivyokuwa zamani. Hata lugha yetu yenyewe ina majina ya uongo: kamusi kubwa ya Krapf ya 1882 ni ya "Suahili", na ukiandika Swahili unaweza kuipita mlangoni. Ni kamusi yenye Kimvita tele. Nimekuta humo maneno ambayo niliamini ni bibi tu anayeyatumia, na nilidhani ameyabuni.

Kuna picha pia. Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, kina mkusanyo wa Winterton, picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki za kati ya 1860 na 1960. Nilimwonyesha bibi vile vigari vya reli vilivyosukumwa na watu kwenye barabara za Mombasa, bwana amekaa juu na mwamvuli wake, wawili wanasukuma nyuma. Akaziangalia kwa muda, kisha akasema babake aliwahi kumwambia habari za vile vigari. Nilipomuuliza kama mzee alikuwa wa kukaa au wa kusukuma, alinitazama tu.

Na kuna gazeti rasmi la serikali. Toleo baada ya toleo, kuanzia enzi za mkoloni, linapatikana kwenye gazettes.africa, bure, na maandishi yanatafutika. Mirathi, hati za ardhi zilizopotea, notisi za kila aina. Ukiwa na mzozo wa nyumba katika familia, na ni familia gani ya Mji wa Kale isiyo nao, anza huko kabla hujamlipa mtu wa kukupigia simu ofisini. Lakini jaribu jina la babu yako kwa tahajia zote tano, maana karani hakumuuliza linaandikwaje.

Sasa makaratasi.

Aliyesoma Kiswahili shule za Kenya anamjua Muyaka bin Haji: mshairi wa Mombasa, aliyezaliwa mnamo 1776 na kufa 1840, aliyeishi chini ya Mazrui na akadiriki kuona utawala wao ukivunjwa na Seyyid Said 1837. Bibi alikuwa na beti zake kichwani, alizoziokota kwa mamake. Tena aliwahi kuwa na sanduku la bati la marehemu babu, limejaa makaratasi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mimi sikuliwahi. Mvua ya mwaka mmoja iliingia kwa paa, sanduku lilikuwa chini ya kitanda, na walipolifungua walikuta uji. Bibi hakuwa akilizungumza. Mama ndiye aliyenihadithia, tena jikoni kwa sauti ya chini. Ndani mlikuwa na nini hasa, hakuna anayejua kwa hakika. Mjomba anasema mashairi, mama anasema hesabu za duka. Huenda yote mawili.

Nilitaka kumtafutia bibi kitu cha mfano ule. Nikaandika "Muyaka". Nikapata madokezo ya wanafunzi, na kitabu cha Mohamed Abdulaziz cha 1979, ambacho kinauzwa na ambacho intaneti hukuonyesha kwa vipandevipande, mistari mitatu hapa, minne pale. Lakini vipande hivyo vilitosha kunipa kisa. Mashairi ya Muyaka hayakuhifadhiwa na Muyaka. Miaka ya 1880, hapa hapa kisiwani, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi aliyakusanya kutoka vinywani mwa watu, akayaandika kwa herufi za Kiarabu. Aliyekuwa akifanya naye kazi ni William Taylor, mmisionari Mwingereza aliyekipenda Kiswahili kwa kiasi ambacho wenzake hawakukipenda. Sikujua alifariki 1890. Karatasi za Taylor hatimaye zikaishia maktaba ya SOAS, London, na 1940 William Hichens akachapisha diwani ya Muyaka huko Johannesburg. Hebu ifuate njia hiyo kwenye ramani: shairi limetungwa Mvita, limeandikwa Mvita, limewekwa London, limechapwa Johannesburg.

Ndipo nikaelewa kosa langu. Nilikuwa nikitafuta kwa jina la aliyetunga, na katalogi imepangwa kwa jina la aliyebeba. Nilipoandika Taylor, Hichens na SOAS, milango ikafunguka. Orodha ya hati zao za Kiswahili iko wazi, na kurasa za baadhi ya hati zimepigwa picha, unazitazama bila malipo. Kuna jambo jingine ambalo nilikuwa sijaliwaza. Hakuna mashine ya kutafuta inayoyasoma vizuri mashairi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa mkono kwa herufi za Kiarabu. Inasoma maneno ya mkutubi aliyeielezea hati. Mkutubi akiandika "poems", basi tafuta "poems". Mshairi anaweza kuwa amelia, ametukana, amemwaga siri ya mji mzima kwenye ukurasa huo, wewe utakutana na neno moja tu na namba ya kabati.

Basi nilikuwa nimepata picha za kurasa, na siwezi kuzisoma. Madrasa nilisoma, herufi nazijua, lakini Kiswahili cha kale kwa herufi hizo ni kitu kingine: p na b zinaweza kuvaa nguo moja, irabu huachiwa msomaji, na "mb" ya mwandishi mmoja ni "b" ya mwenzake. Lazima uwe unalijua neno ndipo ulisome. Nikazishusha kurasa, nikazitia kwenye tableti ya shemeji, nikampelekea bibi baada ya alasiri.

Alikuwa na mtoto wa jicho, bado hajafanyiwa operesheni. Akasema, "Mato yangu hayana kazi, mwanangu." Nikamwonyesha jinsi ya kuvuta kwa vidole viwili. Herufi ikakua, ikakua tena, mpaka neno moja likajaa kioo kizima. Akanyamaza. Kisha akaanza, neno, neno, kwa sauti ya mtu anayepapasa ngazi gizani. Mstari wa pili alikuwa ameshapata mwendo. Wa tatu hakuutazama, aliumaliza kwa kichwa, halafu akarudi kuangalia na akasema, "Sivyo. Amekosea huyu."

Nikamwambia hiyo ni hati ya kale, iko London, wataalamu wameitegemea.

"Ni ya kale, lakini yeye yuwaandika alivyoambiwa. Nami nimeambiwa."

Nililala na neno lile. Sikujua alikuwa akikusanya zaidi ya miaka arubaini baada ya Muyaka kufa. Aliwauliza wazee, kila mzee akatoa alichobaki nacho. Yaani kile kinachokaa kwenye baraka zote za maktaba ya Ulaya, kwa joto lililopimwa na unyevu uliopimwa, ni kumbukumbu za watu wa Mji wa Kale za jioni fulani. Za bibi zilikuwa za aina hiyo hiyo, tofauti ni kwamba za kwake hakuna aliyeziandika. Sisemi bibi ndiye aliyekuwa sahihi. Inawezekana mamake alibadilisha neno, au mama wa mamake. Ninasema tu kwamba nilikuwa nimekwenda mbali sana kuutafuta ushahidi, na nilipoupata ulikuwa umetoka mtaa wa pili.

Tulizoea hivyo kwa miezi. Ijumaa baada ya sala, kahawa, tableti. Mara moja tulitoka kwenye Taylor tukaenda kutazama hati za Msikiti wa Riyadha, Lamu, ambazo zilipigwa picha chini ya mradi wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa kumbukumbu zilizo hatarini. Kisha Oktoba 2023 wadukuzi wakaivamia maktaba hiyo, huduma zake za mtandaoni zikazimika kwa muda mrefu, na sisi tukakosa ukurasa tuliouacha katikati. Bibi hakushtuka. Aliuliza kama vitabu vyenyewe viko salama. Nikamwambia viko Lamu, ni picha tu zilizofungiwa. "Basi si neno," akasema. Tangu siku hiyo kila ninachokipata bure nakishusha siku hiyo hiyo, naweka nakala mbili.

Niliwahi pia kuijaribu moja ya hizi programu mpya za kujibu maswali, nikaiambia inipe shairi la Muyaka kuhusu Mombasa. Ikatoa papo hapo, beti tatu, na jina lake chini. Nikamsomea bibi bila kumwambia lilikotoka. Alikuwa akihesabu kwa vidole juu ya goti. Nane, nane, sawa. Nane, tisa. Akasimama hapo. "Nani huyu?" Nikasema Muyaka. Alicheka mpaka akaomba maji.

Nikaanza kumrekodi kwa simu. Si Muyaka peke yake. Nyimbo za harusi, vitendawili, majina ya mitaa iliyokufa. Nilikuwa nimepanga kuziweka Internet Archive, maana kule mtu yeyote anaweza kupandisha faili bila kulipa, na linakaa. Nilimweleza kwa furaha. Akaniuliza nani atasikia. Nikamwambia mtu yeyote, popote.

"Wanaume pia?"

"Wanaume pia, bibi."

Akasema hataki. Sauti yake haijawahi kwenda nje ya nyumba hii na haitaanza sasa. Nilijaribu kumshawishi kwa hoja zote nilizozijua: sanduku la bati, mvua, Sikujua. Nilipotaja sanduku alinyanyuka akaenda kuangalia chungu ambacho hakikuwa motoni. Siku mbili hatukuzungumza vizuri. Siku ya tatu aliniita: maneno niandike, sauti niiache, na jina lake lisitajwe.

Nimeandika. Kurasa thelathini na moja, kwa herufi za Kirumi, na pale hati ya London na kinywa chake vinapotofautiana nimeweka vyote viwili, kimoja juu ya kingine. Sauti ziko kwenye kadi ndogo ndani ya droo yangu, na nikifa sijui zitakuwa za nani. Faili nililipandisha Ramadhani iliyopita. Kwenye maelezo nimeandika Muyaka, Mvita, Mombasa, Mombassa, Mombas, Mombaz, Mombaça, Swahili, Suahili, Kiswahili, Kimvita, Taylor, Sikujua, mashairi, poems.

Bibi huniuliza Ijumaa kama kuna aliyesoma. Mpaka wiki iliyopita hesabu ilikuwa kumi na saba. Sita ni mimi.

"Na hao kumi na moja," akauliza, "wa wapi?"

Nikamwambia saiti haisemi.

"Basi waandikie waseme," akasema, akaivuta tableti karibu.

Ameshafanyiwa operesheni jicho moja. Sasa anasoma bila kukuza.